KICHAKA KICHANUACHO BILA KUZAA
Somo juu ya vichaka vya matunda madogo bustanini, na kazi ya nyuki

Mkulima hufurahi aonapo mmea wake umechanua. Lakini maua siyo matunda. Kati ya ua na tunda pana kazi moja ndogo sana, isiyoonekana upesi kwa macho, na kazi hiyo isipofanyika maua huanguka chini na mwenye bustani hubaki mikono mitupu. Siku hizi watu wa mashambani, na hata wa mijini wenye viwanja vidogo, wameanza kupanda vichaka vya matunda yasiyozoeleka katika nchi yetu, kama vile bluberi, rasiberi na blakiberi, pamoja na yale ambayo wengi waliyajua tangu utotoni, yaani nathi na forosadi. Miche ya baadhi yake ni ghali. Kwa hiyo yafaa kila atakaye kupanda ajue kwanza jinsi tunda lipatikanavyo, asije akatoa fedha za karo ya watoto kununua mche utakaompa maua tu.

Mara nyingi mche usipozaa, mwenyewe humlaumu aliyemwuzia, au husema udongo umechoka, au humshuku jirani kwa jicho baya. Kisha huung'oa na kuutupa. Pengine mche ule ulikuwa mzima kabisa, na kilichokosekana ni mwenzake wa kando, au nyuki wa kuuhudumia. Katika somo hili tutaeleza sababu, na jinsi ya kuziondoa.

UA NA KAZI YAKE

Chukua ua kubwa lenye sehemu zote mbili, kama la pasheni, ulitazame kwa makini. Ndani yake utaona vijiti vidogo vyenye vifuko vya unga, mara nyingi wa rangi ya manjano. Unga huo huitwa chavua, na ndio sehemu ya kiume. Katikati utaona kijiti kingine ambacho ncha yake hunata kidogo. Hiyo ndiyo sehemu ya kike. Chini ya kijiti hicho, katika kitako cha ua, ndimo zilimo mbegu changa ambazo hazijapata uhai. Chavua ifikapo juu ya ncha ya kike huota, ikapeleka kijimzizi chembamba mpaka kwenye mbegu changa, na hapo ndipo mbegu huanza kukua. Mbegu zikikua, nyama ya tunda hukua pamoja nazo. Ikiwa chavua haikufika, katika mimea iliyo mingi ua hunyauka na kuanguka.

Chavua husafiri kwa njia mbalimbali. Mahindi hutumia upepo. Mimea mingine ina maua yenye sehemu zote mbili, na chavua huanguka pale pale. Lakini mimea mingi huhitaji mchukuzi, na mchukuzi aliye bora ni nyuki. Yeye huja kwa ajili ya chakula chake, na akiwa kazini manyoya yake hushika unga na kuupeleka kwenye ua la pili.

Tena iko mimea ambayo haipendi unga wake yenyewe. Hutaka unga wa mmea mwingine wa jamii ile ile, lakini wa aina tofauti. Bluberi ni mmoja wa mimea hiyo. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kadhalika kichaka kimoja cha bluberi hakijazi kikapu.

JINSI BLUBERI ILIVYOTOKA PORINI

Bluberi asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Ni tunda dogo la rangi ya buluu iliyoiva, lenye vumbi jeupe juu ya ganda lake. Kwa miaka mingi wenyeji wa huko walilichuma porini tu, na watu wengi waliamini kwamba kichaka hicho hakikubali kufugwa. Walikihamishia shambani kwenye udongo mzuri, wakakitilia samadi na chokaa, nacho kikafa.

Mtaalamu mmoja wa mimea wa serikali ya Marekani, Frederick Coville, ndiye aliyefumbua jambo hili. Mwaka 1910 alichapisha majaribio yake, akaonyesha kwamba kichaka hiki hutaka udongo mchachu, yaani wenye asidi, na kwamba ule udongo uitwao mzuri na wakulima wengine ndio unaokiua. Mwaka 1911 habari hiyo ilimfikia Elizabeth White, binti wa mkulima katika jimbo la New Jersey. Bibi huyu alimwandikia Coville akamkaribisha afanye majaribio katika shamba la jamaa yake mahali paitwapo Whitesbog.

Bibi White alijua kwamba wenyeji wa misitu ile wanavifahamu vichaka kuliko mtaalamu yeyote. Aliwaomba wamtafutie vile vyenye matunda makubwa kabisa, akawapa kipimo chenye tundu la kupimia ukubwa wa tunda, na kila aliyeleta kichaka kizuri alilipwa, na kichaka kikaitwa kwa jina lake. Kisha Coville alichukua chavua ya kichaka kimoja akaitia kwa mkono katika maua ya kingine, akapanda mbegu zilizopatikana, akachagua miche iliyo bora. Mwaka 1916 waliuza mavuno yao ya kwanza. Bluberi nyingi za mashambani ulimwenguni leo zatokana na kazi ya namna hiyo.

Katika kazi yake Coville alitambua neno jingine ambalo kila mkulima apaswa kulishika. Ua la bluberi likipata unga wa kichaka chake lenyewe, huzaa haba, na matunda huwa madogo na hukawia kuiva. Likipata unga wa kichaka cha aina nyingine, matunda huwa makubwa na huiva mapema. Tena vipandikizi vyote vilivyokatwa katika mama mmoja ni mmea ule ule mmoja. Hata ukipanda ishirini, ni kama umepanda kimoja. Kwa hiyo ukinunua miche, muulize mwuzaji jina la kila aina, ukachukue aina mbili zilizo tofauti na zichanuazo wakati mmoja.

KUPANDA BLUBERI KATIKA NYANDA ZA JUU

Aina za kwanza za bluberi zilihitaji majira ya baridi kali, nasi hatuna majira hayo. Lakini baadaye watafiti, hasa wa Chuo Kikuu cha Florida, walizalisha aina zinazotosheka na baridi kidogo, na hizo ndizo zilizo bora kwa nyanda za juu za Kenya. Mtu asinunue mche bila kuuliza habari hiyo.

Udongo ndio jambo la kwanza. Bluberi hutaka kipimo cha asidi cha kati ya 4.5 na 5.5. Wakulima wa chai watafurahi kusikia hivyo, kwani chai nayo hupenda udongo wa namna hiyo. Palipo na chai iliyostawi, kama vile sehemu za Kericho, Limuru, Murang'a na Nyeri, huenda udongo ukafaa. Hata hivyo usikisie. Peleka udongo wako upimwe, kwa mfano katika maabara ya KALRO huko Kabete, au umwombe shauri afisa wa kilimo, yule ambaye wazee wetu walimwita Bwana Shamba.

Ziko desturi zetu tatu ambazo ni njema kwa mboga lakini ni sumu kwa bluberi. Ya kwanza ni kumwaga majivu ya jikoni bustanini. Ya pili ni kutia chokaa. Ya tatu ni kulundika samadi mbichi. Majivu na chokaa huondoa uchachu wa udongo, na samadi mbichi huunguza mizizi. Badala yake changanya udongo na majani ya msonobari yaliyooza au maranda ya mbao yaliyokaa muda mrefu. Juu yake tandaza matandazo ya namna hiyo hiyo, unene wa kiganja kimoja. Mizizi ya bluberi ni myembamba na hukaa karibu na uso wa ardhi. Kwa hiyo usipitishe jembe karibu na shina, bali palilia kwa mkono.

Mwenye kiwanja kidogo, au ambaye udongo wake haufai, aweza kupanda katika ndoo kubwa iliyotobolewa matundu chini ili maji yasituame. Maji ya mvua ni bora kuliko maji ya kisima yenye chumvi nyingi. Acha nafasi ya mita moja au moja na nusu kati ya mche na mche, lakini usivitenge vichaka vya aina mbili mbali sana, maana nyuki hupenda kuruka kwenda kwenye ua lililo jirani.

Mwaka wa kwanza, maua yakitokea, yang'oe. Jambo hili huwaumiza wengi moyo, lakini mche mchanga uzaao mapema hudumaa. Mwache akue kwanza ndipo azae.

NYUKI AVUMAYE

Ua la bluberi huinama chini kama kengele ndogo. Vifuko vyake vya unga havipasuki wazi kama vya maua mengine. Kila kifuko kina kijitundu kidogo kwenye ncha, kama chupa ya chumvi ya mezani, na chavua haitoki mpaka kifuko kitikiswe. Ziko jamii za nyuki zijuazo kulishika ua kwa miguu na kutikisa misuli ya mbawa zao kwa nguvu, hata ukasikia mvumo, na unga ukamwagika. Nyuki wetu wa asali hawana ufundi huo. Wao huweza kusaidia kwa wingi wao, lakini kila mmoja hufanya kazi haba.

Katika Ulaya na Amerika kazi hiyo hufanywa na nyuki wakubwa wenye manyoya mengi, ambao kwa asili hawapo katika Afrika iliyo kusini ya jangwa la Sahara. Lakini sisi tunaye mwingine, yule nyuki mkubwa mweusi atoboaye mbao za paa na magogo makavu. Watu wengi humwua kwa kuwa hutoboa boriti, wasijue kwamba ndiye yule yule anayewazalishia pasheni. Yeye ajua kutikisa ua. Wakati mwingine hufanya hila, akapasua ubavu wa ua na kunyonya utamu bila kugusa unga, lakini faida yake kwa bustani ni kubwa.

Ukitaka akae kwako, usichome kila gogo kavu. Acha moja au mawili pembeni mwa boma, mbali na nyumba, pamoja na vipande vya mianzi mikavu iliyofungwa pamoja. Panda pia maua yachanuayo nyakati mbalimbali ili apate chakula mwaka mzima. Na mwenye mzinga wa nyuki wa asali auweke mbali na njia, watoto na mifugo, kwa sababu nyuki wetu ni wakali.

Ziko dalili za kukuonyesha kama kazi imefanyika. Ua la bluberi lililopata chavua huangusha petali zake upesi, na kitunda huanza kuvimba. Ukiona maua mengi yamekawia juu ya matawi, yakageuka rangi ya zambarau kama ya mvinyo, ujue hayakuhudumiwa.

KAZI YA MKONO

Mwenye vichaka vichache asiyeona nyuki aweza kuifanya kazi hii mwenyewe. Chagua asubuhi kavu, umande ukiisha. Shika kisahani cheusi chini ya ua lililofunguka la aina ya kwanza, ukaligonge polepole kwa kidole mara kadhaa. Utaona unga hafifu juu ya kisahani. Chukua brashi ndogo laini, au hata unyoya safi wa kuku, gusa unga ule, kisha gusa ncha ya kike ya ua la aina ya pili, ambayo huchungulia katika mdomo wa kengele. Fanya vivyo hivyo kutoka aina ya pili kwenda ya kwanza. Rudia baada ya siku mbili, kwani maua hayafunguki yote siku moja, na ua lililofunguka hupokea unga kwa siku chache tu. Ni kazi ya subira, na watoto huifanya vizuri kuliko wazee kwa sababu macho yao ni makali na vidole vyao ni vyepesi.

RASIBERI NA BLAKIBERI

Hivi ni vichaka vya miiba, na jamaa zao wa porini wapo katika misitu yetu ya milimani. Tunda lao si tunda moja, bali ni vijitunda vingi vilivyoshikamana, na kila kijitunda hutaka chembe yake ya chavua. Zikikosekana chembe kadhaa, tunda huwa na upungufu upande mmoja, au humeguka mkononi wakati wa kuchumwa. Mtu huona tunda lililopotoka akadhani ni ugonjwa, kumbe ni nyuki hawakupita ya kutosha.

Aina nyingi zilimwazo hukubali unga wao wenyewe, kwa hiyo kichaka kimoja chaweza kuzaa, na nyuki wa asali huifanya kazi hii vema. Kwa desturi fimbo iotayo mwaka huu huzaa mwaka ufuatao, kisha hufa. Baada ya mavuno kata fimbo zilizozaa, uache changa. Zifunge kwenye nyaya kama mipasheni, ili upepo upite na uchumaji uwe rahisi. Blakiberi hupandwa kwa kuinamisha ncha ya tawi na kuifukia, nayo itaota mizizi.

NATHI NA FOROSADI

Nathi ni lile tunda la manjano lililofunikwa na kifuko kama taa ya karatasi. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Ua lake lina sehemu zote mbili na hukubali unga wake lenyewe. Hata hivyo mtikisiko wa upepo au wa nyuki huongeza matunda. Palipo shwari sana, tikisa mashina kila asubuhi wakati wa kuchanua. Chuma tu lililoiva, ambalo kifuko chake kimekauka na tunda limekuwa la dhahabu. Tunda bichi la kijani lina sumu, na watoto waonywe.

Forosadi haimhitaji nyuki hata kidogo. Hutumia upepo. Ua la kiume la mforosadi mweupe hufyatuka kama mtego na kurusha chavua kwa mwendo upitao nusu ya mwendo wa sauti. Aina nyingine huzaa hata bila chavua. Lakini iko miti iliyo ya kiume tu, ambayo haitazaa kamwe. Kwa hiyo usipande mbegu wala usichukue kipandikizi katika mti usioujua. Kata kipande chenye unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hadi 30, katika mti ambao umeyaona matunda yake kwa macho yako. Majani nayo hayapotei bure, kwa maana hulisha viwavi wa hariri, na huko Thika kiko kituo cha utafiti wa kazi hiyo.

ADUI WA MAVUNO

Mtu anaweza kuyatimiza yote tuliyoyasema kisha akayaharibu kwa dakika kumi, kwa pampu ya dawa mgongoni. Dawa nyingi za kuua wadudu hazibagui. Humwua mharibifu, na humwua mchukuzi wa chavua pia. Kwa sababu hiyo mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya dawa tatu za jamii ya neonikotinoidi katika mashamba ya wazi. Kanuni ya mkulima mwenye busara ni hii: maua yakiwa wazi, usipulize. Ikilazimu kabisa, soma maandishi ya chupa, puliza jioni nyuki wamekwisha kulala, na umwarifu jirani mwenye mizinga. Nyuki hawajui mpaka wa shamba. Dawa ya mtu mmoja yaweza kuinyima matunda kijiji kizima.

Jambo la mwisho ni mimea migeni. Lantana ililetwa Afrika kama ua la kupambia nyumba, nayo leo imefunika malisho mengi, na majani yake huua ng'ombe. Aina moja ya rasiberi ya Asia imevamia visiwa vya Galápagos hata kuisonga mimea ya asili. Ndege hula matunda hayo na kuzitapanya mbegu mbali. Kwa hiyo usilete mche wala mbegu kutoka nchi nyingine mfukoni. Ulizia kibali cha KEPHIS, ambayo ndiyo idara yenye kukagua afya ya mimea. Na kichaka kikianza kuota mahali usipokipanda, king'oe mapema.

Msomaji, bustani ya matunda madogo haihitaji eka nyingi. Vichaka vinne vilivyotunzwa vyaweza kuwapa watoto matunda mezani, na ziada ikauzwa. Anza na vichache, andika katika daftari siku vilipochanua na wadudu uliowaona, ndipo uongeze. Na kabla ya kung'oa kichaka kisichozaa, keti kando yake saa moja asubuhi, usikilize kama kuna mvumo.

MASWALI KWA WASOMAO PAMOJA

1. Kwa nini vichaka ishirini vya bluberi vilivyotoka katika mama mmoja huzaa haba?
2. Desturi gani tatu za bustanini huidhuru bluberi?
3. Tunda la rasiberi lililopotoka laonyesha nini?
4. Kwa nini nyuki mweusi atoboaye mbao asiuawe ovyo?
5. Katika kijiji chenu, ni nani hupuliza dawa wakati wa maua, na mtakubaliana naye vipi?